Sauti Niliyokuwa Nikisomea Vitabu

Kama unafunga kitambaa shingoni mwezi wa Januari, jua likiwa utosini, na watu wakikuuliza unasema una kifua, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Nami nilifunga. Nilikuwa na vitambaa sita, kimoja cha Jumapili. Nilimdanganya padri, nikawadanganya walimu wa wanangu, nikamdanganya hata mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja, na yeye kwa hisani yake akakubali kudanganywa. Sitakueleza rovu, huo uvimbe wa shingoni, linatokana na nini. Daktari alinieleza mara tatu na mara zote tatu niliitikia tu. Nitakueleza nilivyoishi nalo, na jinsi lilivyoninyang'anya kitu nilichokipenda kuliko chakula.

Kitu chenyewe ni kusoma vitabu. Usinicheke. Mimi ni mkulima wa huku Kilema mlimani, nimeishia darasa la saba, jina langu Apolonia na mdomo wangu hauna breki. Lakini tangu nilipojua kusoma sijawahi kukaa mwezi mzima bila riwaya ndani ya nyumba. Nilisoma kwa sauti tu. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa anapita katikati ya madawati na fimbo, na kwake yeye mtoto asiyetoa sauti alikuwa hasomi, alikuwa anatazama picha. Basi nikakua hivyo. Nilisoma kwa sauti barua, nilisoma kwa sauti karatasi za dawa ya ng'ombe, nilisoma kwa sauti matangazo ukutani kanisani mpaka watu wakawa wananisukuma kwa viwiko. Kitabu kwangu kilikuwa kinaingia kwa masikio. Macho yalikuwa yanachukua maneno na kuyapeleka kooni, basi.

Nilipoolewa na Aloyce nilikuta kwao kuna desturi ya wanawake wa jirani kukusanyika uani msimu wa kahawa, kuchambua. Kahawa ikishaoshwa inaanikwa juu ya vichanja vya waya, na wanawake wanasimama pande zote wakitoa punje zilizovunjika na zilizoungua jua, huku wakizigeuza kwa viganja. Ni kazi ya kuchosha akili. Wanapiga umbea, na umbea ukiisha wanagombana. Mwaka wangu wa pili pale nilikuja uani na kitabu, nikamwambia mama mkwe, "Mama, niruhusu nisome, mikono yangu mtaisamehe." Akanitazama sana, kisha akasema, "Ukisoma vibaya utarudi kwenye kahawa." Sikurudi kwenye kahawa kwa miaka kumi na miwili.

Nakwambia tuliishi. Tulimlaani mwanaume wa kitabuni mpaka majirani wakadhani tunamlaani mtu wa kijijini. Felista, jirani yetu wa upande wa juu, alikuwa hawezi kuvumilia. Alinikatiza, "Mwambie asimfungulie mlango! Mwambie!" Nami nikamjibu, "Felista, mama, imeshachapwa hii." Mama mkwe wangu, ambaye sikumwona akitoa chozi hata siku tunamzika mume wake, alilia kwa ajili ya mwanamke wa kwenye kitabu aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Alisema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Mimi mwenyewe nililia kuliko wote. Nikimsoma mwoga, sauti yangu ilikuwa inatetemeka bila mimi kuiamuru. Nikimsoma mlevi, ulimi ulikuwa mzito. Nilimjua mtu kwa kumwazima koo langu. Jioni nikienda kukata majani ya ng'ombe bado walikuwa mle, wananisemesha, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Rovu lilianza kama punje ya kahawa mbichi, upande wa kulia. Baada ya misimu miwili likawa parachichi dogo. Huku kwetu mlimani si ajabu, bibi zetu wengi walikuwa nalo na walizaa na kulima na kufa kwa uzee wao. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mganga mmoja alinichanja kwa wembe na kunipaka unga mweusi. Nikabaki na alama na rovu langu vilevile. Nikaanza kukabwa na chakula. Hata mtori, supu yetu ya ndizi, ambao mtoto asiye na meno anaumeza, mimi niliumeza kwa kunyoosha shingo. Mwisho pumzi ikaanza kuniishia katikati ya sentensi. Nilikuwa mjanja, nilijifanya nasimama ili wanawake wapate hamu. Felista akawa anasema, "Leo anatutesa kweli." Alikuwa hajui.

Mama mkwe alijua. Siku moja alinishika shingo kwa mikono yote miwili, akapapasa, akasema bila hasira yoyote, "Ni hao watu."

"Watu gani, mama?"

"Wa vitabu. Kila siku unawaingiza kooni watu ambao si ndugu zako. Wanaume, wachawi, wauaji. Wanakaa hapo. Nyamaza kusoma, litapungua."

Sasa unaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilipofikiri niliona kweli lilianza nilipoanza kusoma sana, na mama alikuwa ananipenda, na woga ulikuwa umenishika kiasi kwamba kama angeniambia nile udongo ningeuliza wa rangi gani. Nikaacha. Alikata kamba ya mgomba, akanipima shingo, akafunga fundo. Kila Jumapili baada ya misa ananiita jikoni, ananipima. Msimu mzima wa kahawa wanawake walichambua kimya, na mimi nikachambua nao, vitabu vimefungiwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Fundo lilisogea. Lilisogea upande tusioutaka. Tulipomaliza masika, kamba haikuzunguka tena. Mama aliitazama, akaitupa motoni, akakaa kwenye kigoda akaweka mikono kichwani. "Nenda hospitali, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo mambo mengi yalifunguliwa kwa mpigo. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapita na magari yao kushindana na ushirika, mitumba ilijaa sokoni, na hospitalini ulitakiwa kuchangia kila kitu hadi uzi wa kushonea kidonda. Nilishuka mjini Moshi na Aloyce, tukakaa kwenye benchi ambalo baadaye nililijua vizuri kuliko benchi la kanisani. Lilikuwa na mbao tano, ya pili imelegea. Nesi alipita akasema kwa sauti kavu, "Vitambaa vya shingoni vitoke, daktari hana muda wa kufungua zawadi." Tukafungua. Tulikuwa wanawake tisa. Miaka mitano nilikuwa naamini niko peke yangu wa umri wangu, na kumbe mstari mzima ulikuwa umeketi na mzigo wake. Yule wa kando yangu alitazama langu, mimi nikatazama lake, tukacheka mpaka nikakosa hewa. Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza.

Nilipewa vidonge kwanza, miezi minne, ili moyo utulie kabla ya kukatwa. Moyo wangu ulikuwa unakimbia hata nikiwa nimekaa. Nywele zilitoka zikabaki kwenye kitana. Mikono ilitetemeka, nikimimina chai nusu inakwenda kwenye sahani. Nilikuwa na hasira isiyo na sababu. Nilimgombeza Yasinta, binti yangu aliyekuwa kidato cha pili, kwa sababu alipumua vibaya. Kweli, nilimwambia anapumua vibaya. Aloyce akaanza kula chakula chake nje.

Miezi minne ilipoisha, daktari akanishika shingo, akaniambia nimeze mate, akatazama picha, akakaa chini. Madaktari wakikaa chini ujue kuna neno. Alikuwa kijana mpole. Akasema, "Mama, limezunguka nyuma. Mshipa unaoleta sauti unapita hukohuko. Tutajitahidi kuulinda, lakini siwezi kukuahidi. Unaweza kuamka sauti imepungua. Unaweza kuamka haipo."

"Na nisipokatwa?"

"Litaziba njia ya hewa."

"Lini?"

"Sijui. Lakini litaziba." Halafu akaongeza, si kwa kunilaumu, alikuwa anaandika tu, "Ungekuja mwaka mmoja kabla, lilikuwa bado halijafika nyuma."

Mwaka mmoja kabla nilikuwa napimwa kwa kamba ya mgomba. Sijamwambia mama mkwe neno hilo mpaka leo. Naliandika hapa kwa kuwa hajui kusoma, na mimi sina tena sauti ya kumsomea.

Nilitoka chumbani kwa daktari nikaambiwa nisubiri kwenye benchi nipangiwe kitanda. Aloyce alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nilikaa labda dakika tano. Kisha nikachukua kikapu changu, nikapita mlango wa pembeni, nikaenda stendi, nikapanda gari la kurudi Kilema peke yangu. Mume wangu alinitafuta hospitali nzima, wodi ya wazazi mpaka chumba cha maiti. Alifika nyumbani jioni. Aliweka chupa ya maji mezani, ile aliyokuwa amenijazia.

Nikafungua sanduku. Nilisoma kama mtu anayemaliza akiba kabla ya kuhama. Nilisoma asubuhi, nikasoma jikoni, nikasoma nikichuma maharage, kwa sauti, na msimu wa kahawa ulipoingia nikarudi uani kwa wanawake. Hakuna aliyefurahi. Walisikia jinsi nilivyokuwa navuta hewa. Kila maneno manne nilisimama, nikikoroma kooni, halafu maneno manne tena. Felista hakumkatiza tena mtu yeyote wa kitabuni. Alisema tu, "Pumzika, Mama Yasinta, tunakusubiri." Sikutaka kusubiriwa. Nilikuwa nafikiri, kama itaondoka, iondoke ikiwa imetumika yote. Siku moja katikati ya sentensi hewa haikurudi kabisa. Naambiwa nilikuwa na midomo ya bluu na niliangukia kichanja, kahawa yote ikaenda chini. Ninachokumbuka ni Yasinta akipiga kelele, nami sijui kama nitapumua tena.

Wiki hiyo Aloyce alinikuta nimekaa juu ya ndoo bandani kwa ng'ombe. Alisimama akikwaruza ukuta kwa ukucha.

"Yule karani wa kitabu cha mwaka juzi," akasema. "Aliyeiba. Alifungwa, au alitoroka? Siku ile mvua ilinyesha mkaingia ndani."

Nikamtazama. Mwanaume wa kwetu hasimami na wanawake kwenye kahawa, na Aloyce hakuwahi kushika kitabu changu hata kukisogeza. "Wewe umejuaje habari za karani?"

"Nilikuwa natengeneza banda."

"Miaka yote hiyo?"

"Banda lilikuwa na kazi nyingi," akasema, na akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baadaye akasema, bado ananipa mgongo, "Mimi pia nitaikosa, Mama Yasinta. Usidhani ni wewe peke yako. Lakini nitaikosa wewe ukiwa umekaa hapo. Sitaki niikose na wewe haupo."

"Alifungwa," nikamwambia. "Miaka sita."

"Nilijua," akasema Aloyce. "Alikuwa na tamaa."

Tukarudi hospitali. Nesi alilikumbuka jina langu na akanitazama kwa namna ya kuniambia nisithubutu kwenda tena kwenye ule mlango wa pembeni.

Nikaamka nina kiu. Niliita maji. Nesi alikuwa hatua tatu kutoka kitandani, anapanga dawa, na hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu, nikaudhika, nikafikiri hawa watu hawana adabu, mtu ametoka kukatwa shingo na hawamjali. Niliita mara ya tatu. Ndipo nikagundua kwamba hata mimi sikuwa nasikia kitu.

Daktari alisema tusubiri, wakati mwingine inarudi baada ya wiki, wakati mwingine miezi. Nilikaa wodini siku tisa. Nilikuwa na mrija shingoni unaotoa maji mekundu kwenye chupa, vidole vilikuwa vinachomachoma kama vimekaliwa na siafu, na kumeza mate ilikuwa kazi ya kupanga. Lakini nilipumua. Nataka uelewe hilo, kwa sababu nilikuwa nimesahau: hewa iliingia yote, mpaka chini, bila kelele. Aloyce alikuja kila saa ya kutazama wagonjwa na mtori kwenye chupa ya chai. Yeye si mtu wa maneno, na sasa ilibidi aongee kwa wawili. Aliniambia habari za ng'ombe. Ng'ombe alipoisha aliniambia habari za ng'ombe wa Felista.

Wiki zikapita, kisha miezi. Kilichorudi ni kitu kama kufagia sakafu ya saruji. Ukinikaribia sana utanielewa. Ukisimama mlangoni utaona mdomo unacheza tu. Sikuweza kumwita mtoto aliye nje, sikuweza kuimba kanisani, na kuku walizoea wakawa hawanikimbii. Hayo yote nilijiandaa nayo. Kuna moja ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo lililotaka kuniua.

Nilijipa moyo kwamba vitabu vitabaki. Nitasoma kimya kama wasomi. Siku ya kwanza nilipopata nguvu nikakaa kibarazani na kile kitabu cha mwanamke aliyenyang'anywa shamba. Macho yalikwenda mstari hadi mstari. Nilielewa kila neno. Na hakuna mtu aliyetokea. Shemeji zake walikuja na panga, nikajua wamekuja na panga. Akalia, nikajua analia. Nikageuza ukurasa. Ilikuwa sawa na kusoma bei za pembejeo kwenye ubao wa ushirika. Nikajaribu kingine, nikajaribu kile kilichokuwa kinatuvunja mbavu, nikajaribu kuchezesha midomo bila sauti. Hakuna. Nilijua vitabu vyangu vyote na vyote vilikuwa vimekufa mikononi mwangu, na sikuweza hata kupiga yowe.

Nasema wazi kwa sababu wewe unaweza kufika hapo na ukadhani umepata wazimu. Nilitamani nisingeamka pale kwenye meza ya upasuaji. Nilikuwa nawatazama wanangu wakila na kufikiri, hawa wanahitaji mtu wa kupika, na wa kupika wako wengi. Nilinenepa, uso ukavimba, nilisikia baridi hata mchana, nikalala saa za kazi. Wapo walioambiwa ni uvivu. Mimi niliambiwa nimrudie Mungu. Nilikuwa sijui amekwenda wapi.

Msimu ukaingia. Felista alileta redio kaseti ya kijana wake, wakaiweka juu ya jiwe, wakachambua kahawa wakisikiliza muziki. Walikuwa hawana ubaya. Mchana mzima wangeongea nini? Siku nyingine mama mkwe akamwamuru Yasinta asome. Mtoto alisoma vizuri, kwa haraka, kama anavyojibu mtihani, na wanawake wakasema asante binti. Alipofika mahali ambapo mimi ningesimama, mahali pa kuvuta pumzi na kuwaacha waogope, yeye alipita moja kwa moja. Niliinuka nikamnyang'anya kitabu mbele ya watu wote nikakitupa. Akaniuliza huku analia, "Mama, mimi nimekukosea nini?" Sikuwa na sauti ya kumjibu kutoka pale niliposimama, na sikuwa na miguu ya kumfuata. Niliingia ndani. Mama mkwe aliniletea chai, akakaa kando ya kitanda, akanishika shingo penye kovu kama alivyonishika zamani, na hakusema chochote kuhusu watu wa vitabuni. Hatukutazamana.

Yasinta nilimwomba radhi baadaye, kwa karatasi. Alinisamehe kwa karatasi pia, upande wa nyuma, kwa mwandiko wake mbaya ule.

Niliendelea kwenda kliniki kila baada ya miezi miwili kupimwa damu na kuongezewa vidonge vya kushika nafasi ya kilichokatwa. Mara ya tano ilikuwa wakati wa vuli, mvua inapiga mabati hata nesi akiita jina anarudia. Aloyce alikuwa amenipa kitabu alichonunua kwa wale wauza vitabu vikuukuu wa njiani karibu na stendi. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo; alikichagua, alisema, kwa kuwa kilikuwa kinene na siku ingekuwa ndefu. Nilikibeba ili nisimuudhi. Nikawa nimekifungua magotini, midomo inacheza kwa mazoea.

Mwanamke mmoja mdogo kuliko mimi akaja kukaa kando yangu, amejifunika khanga mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

Nikainua mkono na kutabasamu.

"Unasali?"

Nikamwonyesha kitabu. Akakitazama, mguu wake ukawa unatikisa benchi zima. Kisha akasema, "Mimi nasoma polepole mno. Kinasema nini? Niambie tu chochote, mama, nitakufa kwa mawazo hapa."

Nikamvuta karibu nikaweka mdomo sikioni mwake. Nikaanza pale kidole kilipokuwa. Mtoto wa kiume ameachwa stesheni na shangazi yake. Tikiti imewekwa ndani ya kiatu. Ameambiwa asiondoke penye benchi mpaka mtu mwenye shati la bluu aje amwite jina. Treni ya kwanza imekuja, imeondoka. Amebanwa na mkojo lakini anaogopa kuondoka. Nilisoma kwa hewa tu, maneno matatu, pumzi, maneno matatu. Mguu wa yule mwanamke ukaacha kutikisika. Nilikuwa nasikia anavyopumua kunisubiri. Mtu mwenye shati la bluu akapita, akaita jina la mtoto mwingine, na mtoto wetu akainuka kidogo, akakaa tena. Hapo koo likanikaba, na halikuwa kovu. Machozi yalidondoka kwenye ukurasa. Tangu nikatwe sikuwa nimemlilia mtu wa kitabuni hata mmoja.

Mwenzangu naye alijifuta kwa khanga, na khanga iliposhuka nikaliona la kwake, kubwa, limeshuka mpaka kifuani.

"Una mafua, mama? Sauti yako imekwenda wapi?"

Nikakunja kola nikamwonyesha kovu. Akalitazama muda mrefu.

"Ulikuwa hivyo toka zamani?"

Nikatikisa kichwa.

Akaniambia anaitwa Zaina, wa Mabogini, analima mpunga, na leo anapangiwa kitanda. Daktari amemwambia yaleyale. "Mimi ndiye ninayeamia ndege, nawafukuza mpungani kwa kelele," akasema. "Sauti yangu inafika shamba la tatu, watu wananiita niwafukuzie na wao. Nikiwa kama wewe nitafanyaje? Niambie ukweli, mama. Unajuta?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitafuta uongo mzuri na sikuupata. Nikamwambia sikioni, "Wengi wanatoka na sauti zao. Mimi sikutoka nayo. Kuna siku najuta mpaka sili. Leo asubuhi nilijuta."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi nilikuwa nasoma."

Alikitazama kitabu. Halafu akavuta khanga yake, akachukua kikapu, akainuka, akaelekea mlango wa pembeni. Niliujua mgongo ule. Niliujua ule mwendo wa kujifanya unakwenda msalani. Nikafungua mdomo kumwita na ikatoka hewa. Nikaita tena. Watu wawili walikuwa wamekaa mbele yangu na hawakugeuka. Nikajaribu kusimama, kizunguzungu kikanirudisha chini, na yeye akafika mlangoni akasimama kwenye ukingo wa mvua, mkono mmoja shingoni.

Nesi akatoka na faili. "Zaina wa Mabogini!"

Hakugeuka. Nesi akarudia. Ukumbi ukaanza kutazamana kumtafuta Zaina ni nani. Mimi nilinyoosha kitabu juu, kwa mikono miwili, sijui kwa nini, ndicho nilichokuwa nacho.

Zaina akageuka. Alimtazama nesi, akanitazama mimi. Kisha akarudi polepole katikati ya benchi zote, akakaa kando yangu, akaweka kikapu chini. Nesi akaita mara ya tatu, amekasirika, na Zaina akainua uso akamjibu kwa sauti nzima, ile ya mashambani, mpaka mvua ya kwenye mabati haikusikika:

"Ngoja kidogo, nesi! Mtoto bado yuko stesheni!"

Akaniletea sikio, nami nikaendelea kusoma.